Mume wangu amekata tiketi za treni ya saa 14, mimi nilitaka ndege

Shikamoo Shangazi,

Nakuandikia jambo ambalo wengine wataliona la kitoto, lakini limetunyima amani ndani ya nyumba tangu mwezi uliopita. Mimi na mume wangu tuna miaka minane ya ndoa na mtoto mmoja. Tangu mtoto azaliwe hatujatoka sisi wawili peke yetu hata kwa usiku mmoja. Mwaka huu mama yangu amekubali kukaa na mjukuu wake, kazini nimepewa ruhusa ya Ijumaa, tukaamua twende tukapumzike kwenye jiji ambalo tumekuwa tukilitamani tangu uchumba.

Nilidhani tutapanda ndege. Saa moja na nusu angani, mmefika. Siku moja akaja na kuniambia kwa furaha kwamba ameshakata tiketi za treni. Treni yenyewe inaondoka Alhamisi saa moja jioni, inafika Ijumaa saa tatu asubuhi. Saa 14 Shangazi! Kurudi tunaondoka Jumapili saa mbili usiku na kuingia Jumatatu saa nne asubuhi, wakati mimi Jumatatu natakiwa niwe nimekaa mezani kwangu saa mbili. Nilipomkumbusha hilo akasema, "Si utaomba udhuru? Masaa mawili matatu ni nini?" Kwake si kitu, maana yeye anafanyia kazi nyumbani na hakuna anayemhesabia saa.

Mimi si mtu wa kulala popote. Hata nikienda kwa dada yangu, usiku wa kwanza nausikia wote, kila mlango unaofunguliwa naujua. Sasa nitalalaje kwenye kitanda cha treni, tena chumba cha watu wanne? Ndiyo, amekata vitanda viwili katika chumba cha vitanda vinne. Hao wawili wengine ni akina nani, hatujui. Watakoroma, watataka taa iwake wakati mimi nataka izimwe. Safari ya kwanza ya mke na mume baada ya miaka yote hii, halafu tunalala mbele ya wageni! Nilipomwambia alicheka, akasema hiyo ndiyo raha yenyewe ya treni.

Sitaki nimsingizie. Ni mume mwema. Treni anazipenda tangu mdogo. Marehemu baba yake alikuwa akimpeleka stesheni kuzitazama tu, kisha wanarudi nyumbani. Ananiambia kwenye treni ndipo tutaongea, kwamba nyumbani hatuongei, tunapangiana zamu: nani anamchukua mtoto, nani analipia umeme. Hapo simkatalii, ni kweli. Lakini mimi nimechoka Shangazi. Nataka kitanda kisichotikisika, mlango unaofungika, na asubuhi isiyo na mtu wa kuniamsha. Kuongea tutaongea hotelini.

Juzi tumegombana. Nilimwambia kama treni ni muhimu kuliko mimi aende nayo, mimi nitapanda ndege tutakutana huko huko. Akanyamaza siku nzima. Dada yangu anasema nimemvunjia heshima mume wangu. Rafiki yangu anasema aliyenivunjia heshima ni yeye, aliyekata tiketi bila kuniuliza. Sasa sijui nimkubalie nikateseke ili afurahi, au nishikilie msimamo. Na nikikubali, nifanyeje ili nifike huko nikiwa bado mtu?

Mke wa Mpenda Treni

*

Marahaba mwanangu.

Nianze na dada yako na rafiki yako ili tuwaweke kando. Mumeo hakufanya vizuri kukata tiketi bila kukuuliza, na hilo mwambie kwa sentensi moja, lisiwe wimbo wa mwezi mzima. Wewe nawe ulimjibu kwa hasira mahali palipomuuma. Mko sare. Tuendelee.

Katika barua yako umenieleza treni inaondoka saa ngapi, ina vitanda vingapi na nani huenda akakoroma. Kuhusu jiji lenyewe, ambalo mmelitamani tangu uchumba, hukuniambia lolote. Mtatembea wapi? Mna hamu ya kuona nini? Unachotaka umekitaja vizuri kabisa: kitanda kilichotulia, mlango unaofungika, asubuhi isiyo na wa kukuamsha. Hivyo vyote unaweza kuvipata kwenye hoteli iliyo nusu saa kutoka kwako. Na mumeo, kwa maneno uliyomnukuu, naye hakulitaja jiji. Ametaja treni na mazungumzo. Kwa hiyo mmegombania njia ya kufika mahali ambapo hakuna hata mmoja wenu aliyesema anakwenda kufanya nini. Wewe unakwenda kulala, yeye anakwenda kuongea. Yote mawili ni haki yenu, na yote mawili yanaingia ndani ya siku tatu, ila mpaka sasa hamjayapanga kwa pamoja.

Tuje kwenye saa, maana hapo nyote wawili mnajidanganya. Wewe unasema ndege ni saa moja na nusu. Hiyo ni ya angani tu. Weka muda wa kutoka nyumbani hadi uwanja wa ndege, weka zile saa mbili unazotakiwa kutangulia, foleni ya ukaguzi, foleni ya kupanda, kusubiri mabegi, kisha barabara ya kutoka uwanjani hadi katikati ya jiji, na viwanja vingi vimejengwa nje ya miji. Ukijumlisha hazipungui saa tano, mara nyingi ni sita, na zote uko macho. Treni ina saa 14, lakini ukitoa saa nane za usingizi zinabaki sita, na hizo umekaa, hubebi chochote, na mara nyingi unashukia mjini kabisa. Kwa saa za kuwa macho, basi, zinakaribiana.

Mumeo asishangilie. Hesabu hiyo inasimama kwa sharti moja: ulale. Usipolala, Ijumaa yote imekwenda, na Ijumaa ni theluthi ya mapumziko yenu.

Kuna treni ambazo kwa hakika zinashindana na ndege ukihesabu muda wa safari nzima, mlango hadi mlango. Kati ya Tokyo na Osaka, umbali wa kilomita 515 hivi, treni ya kasi huchukua kama saa mbili na nusu. Beijing hadi Shanghai ni kilomita 1,318, na zile za haraka zaidi humaliza ndani ya saa tano. Ingekuwa hiyo nisingekuwa na la kusema. Yenu ni treni ya usiku, na treni ya usiku haishindani na ndege, inashindana na hoteli. Kwa hiyo swali la kumuuliza mumeo ni hili: usiku wa Alhamisi ndani ya behewa utakuwa usiku wa kulala au usiku wa kuvumilia?

Kuhusu usingizi nakuamini, na si wewe peke yako. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, walipima ubongo wa watu waliolala mahali pageni. Walikuta kwamba usiku wa kwanza upande mmoja wa ubongo haulali usingizi mzito kama wa pili. Unabaki ukiitikia hata sauti ndogo. Walipolala mahali hapo tena siku nyingine, tofauti hiyo haikuwepo. Sasa fikiri kidogo. Usiku wako wa kwanza nje ya nyumba utakuwa mbovu popote, hata kwenye hoteli nzuri yenye mapazia mazito. Mkienda na ndege Ijumaa asubuhi, usiku mbovu ni wa Ijumaa, ndani ya chumba mlichokilipia. Mkienda na treni, usiku mbovu ni wa Alhamisi, na uko njiani. Utaniambia hata hoteli itakuwa na usiku wake wa kwanza. Ni kweli, lakini Ijumaa usiku utakuwa umetembea mchana kutwa ukiwa na deni la usingizi, na mwili wenye deni la usingizi hauchagui sana kitanda.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu, na najua nusu yake hutaipenda: kwenda, nenda na treni. Kurudi, msirudi nayo. Na kile chumba cha watu wanne kibadilishwe.

Nianze na chumba, kwa sababu hapo niko upande wako moja kwa moja. Kulala na wageni kuna raha yake kwa kijana anayesafiri na begi la mgongoni. Kwa mke na mume wanaotoka kwa mara ya kwanza tangu wapate mtoto, hapana. Tena mumeo ahakikishe kwanza kama kweli mtakuwa chumba kimoja. Kuna reli zinazotenganisha wanaume na wanawake katika vyumba vya kulala. TAZARA, kwa mfano, mke na mume hulala pamoja wakinunua chumba kizima, la sivyo kila mmoja anakwenda kwa wenzake. Itakuwa kichekesho mtu amekata tiketi ya mazungumzo halafu yeye yuko chumba cha tatu na wewe uko cha saba.

Aulize kama treni yenu ina vyumba vya watu wawili. Kama vipo, alipie tofauti. Kama havipo, apige hesabu ya kununua vitanda vyote vinne, kisha bei hiyo ailinganishe na nauli ya ndege ya watu wawili pamoja na usiku mmoja wa hoteli, si na bei ya vitanda viwili. Wengi hulinganisha vibaya hapo, wanaona vitanda vinne ni anasa, kumbe wameshaokoa pesa ya hoteli.

Ikishindikana kabisa, basi angalau mchague vitanda kwa akili. Vitanda vya chini ni viti vya watu wote hadi wakati wa kulala. Mwenye kitanda cha chini hawezi kujinyoosha mpaka wengine wakubali kupanda. Kwenye treni za India, zenye vitanda vya ngazi tatu, jambo hili limewekewa kanuni: kitanda cha kati kinafunguliwa kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, saa nyingine hukunjwa ili walio chini wapate pa kukaa. Vitanda vya juu havina ugomvi huo. Unapanda unapotaka, na hakuna anayekukalia miguuni. Ubaya wake ni kwamba huko juu behewa linayumba zaidi, na kushuka kwenda chooni usiku ni kazi. Kwa mtu mwepesi wa kushtuka kama wewe, bado ningechagua juu, wewe upande huu na mumeo upande wa pili.

La muhimu kuliko juu na chini ni sehemu ya behewa. Magurudumu yako kwenye ncha mbili za behewa, na huko huko ncha ndiko kuliko na vyoo na milango. Chumba cha mwisho kinapata mitikisiko yote, milio yote ya reli na kila mlango unaobamizwa saa tisa usiku. Omba chumba cha katikati ya behewa. Hakiongezewi bei, ni suala la kuwahi tu.

Vitu vya kubeba sitakuchosha navyo, unavijua: viziba masikio, kitambaa cha kufunika macho, sweta, nguo za kulalia ambazo huoni aibu kupita nazo ushorobani. Kahawa iache tangu mchana, kwa sababu saa tano hivi baada ya kuinywa nusu ya ile kafeini bado inazunguka mwilini. Hati na simu ziwe karibu na mwili wako, si kwenye begi lililo chini ya kitanda.

Sasa asubuhi ya Ijumaa. Hapo ndipo safari za treni ya usiku huharibika, na mumeo kwa mapenzi yake ya reli huenda hajalifikiria. Mtashuka saa tatu asubuhi mkiwa na mabegi, hamjaoga, na hoteli nyingi hazitoi chumba kabla ya saa nane au saa tisa mchana. Saa tano au sita mtazurura mkiwa mmechoka na mnanuka safari. Ugomvi wa hapo hautakuwa wa mapenzi wala wa heshima, utakuwa wa nani abebe begi. Andikieni hoteli mapema mkaombe chumba cha kuingia asubuhi; wakati mwingine wanakubali bure, wakati mwingine kwa nyongeza, na nyongeza hiyo lipeni bila kusita. Wakikataa, ulizeni kama mnaweza kuacha mabegi na kuoga. Stesheni nyingine kubwa zina bafu za kulipia, nalo mliulizie kabla ya kuondoka. Mkipata chumba, laleni saa moja na nusu hivi, si zaidi, mtoke.

Na Ijumaa hiyo msiweke miadi yoyote yenye saa. Treni za masafa marefu hugawana reli na za mizigo na za abiria wa karibu. Ikichelewa kidogo ikakosa zamu yake ya kupita, inasimamishwa nyingine zipite, na dakika 20 zinazaa saa nzima. Nchini Marekani treni nyingi za Amtrak, shirika la treni za abiria, hupita kwenye reli za kampuni za mizigo. Sheria inasema abiria watangulizwe, na bado husimama kusubiri. Umoja wa Ulaya una kanuni iliyoanza kutumika Juni 2023 ambayo, kwa kawaida, humpa abiria robo ya nauli treni ikichelewa kuanzia dakika 60, na nusu ikichelewa kuanzia dakika 120. Someni masharti ya reli yenu mjue mnadai nini. Lakini kumbuka nauli ikirudishwa, ile asubuhi hairudi. Kwa hiyo tiketi za makumbusho, meza ya mgahawa na chochote kingine chenye saa, wekeni Jumamosi.

Nimesema kurudi msirudi na treni. Sababu ya kwanza ni Jumatatu yako. Treni ikichelewa wakati wa kwenda, mnaopunjwa ni ninyi wawili. Ikichelewa wakati wa kurudi, anayesubiri ni mwajiri wako, na anayejieleza ni wewe peke yako, kwa sababu mumeo atakuwa ameshafungua kompyuta yake sebuleni. Safari haiwezi kuwa ya wawili halafu gharama yake ikawa ya mmoja. Hata ikiwahi kabisa, inakufikisha saa mbili nyuma ya muda wako wa kazi, na hapo hujatoka stesheni.

Sababu ya pili ni namna tunavyokumbuka mambo. Mwaka 1993 mwanasaikolojia Daniel Kahneman na wenzake waliwaambia watu watie mkono kwenye maji baridi ya nyuzi 14, yanayouma, kwa sekunde 60. Mara nyingine waliutia kwa sekunde 60 zile zile, kisha wakaendelea sekunde 30 zaidi huku maji yakipashwa polepole hadi nyuzi 15. Walipoulizwa ipi wako tayari kuirudia, wengi walichagua ile ndefu, ingawa ndiyo iliyokuwa na maumivu mengi zaidi. Iliisha vizuri, basi. Ninyi mkimaliza kwa wewe kukimbia kutoka stesheni hadi ofisini na nywele zimesimama, hicho ndicho utakachokieleza mwakani mumeo akitaja neno treni. Kama anataka safari ya pili ya treni siku moja, na nina hakika anataka, bora hii iishe ukiwa umelala kitandani kwako Jumapili usiku.

Kwa hiyo tiketi ya kurudi ibadilishwe iwe ndege ya Jumapili, wewe na yeye. Kama hawezi kabisa kuiacha treni yake, arudi nayo yeye peke yake, na simtanii. Ile kauli yako ya "aende nayo, tutakutana huko" ilikuwa mbaya kwa sababu ilihusu kwenda, na kwa kuwa uliitoa kama adhabu. Kwa kurudi inaweza kuwa zawadi. Kuna watu ambao kukaa dirishani usiku kucha bila kusemeshwa ndiyo likizo yenyewe, na huenda mtoto aliyekuwa akipelekwa stesheni na baba yake ni mmoja wao.

Limebaki la mazungumzo, na hilo ndilo lililonigusa kuliko yote. Mume anayesema "nyumbani hatuongei" na anatafuta mahali pa kuongea, usimjibu "tutaongea hotelini." Hotelini utakuwa umelala, umeshasema mwenyewe. Treni inampa kitu ambacho meza ya mgahawa haina: mnakaa pamoja bila kulazimika kutazamana, nje kuna cha kuangalia, na mkinyamaza hakuna anayeona vibaya. Mara kwa mara mtandao unapotea, simu inakuwa saa ya kuangalia muda tu. Alhamisi kuanzia saa moja jioni hadi saa nne usiku mna saa tatu. Mpe hizo zote. Msizungumzie ada, umeme wala zamu za mtoto. Muulize habari za baba yake na zile treni. Ninahisi umeshazisikia nusu nusu ukiwa unaosha vyombo.

Ikifika saa nne usiku, zamu yako inaanza. Unaziba masikio, unafunika macho, na asikuamshe hata treni ikipita kwenye daraja refu kuliko yote. Na Jumamosi asubuhi ni yako, hakuna wa kukugusa mpaka uamke mwenyewe. Yeye akitaka aende stesheni akahesabu mabehewa.

Namna ya kumwambia: usianze na malalamiko, na usianze dada yako akiwepo. Mwambie hivi, "Nimekubali kwenda na treni, na nataka tuongee humo ndani kama ulivyosema. Ninachoomba ni mambo mawili. Chumba kiwe cha sisi wawili, na Jumapili nirudi na ndege, kwa sababu Jumatatu siwezi kuchelewa kazini. Na siku nyingine tiketi tukate pamoja." Kisha nyamaza. Usiongeze la kukoroma, usiongeze la rafiki yako alivyosema. Mpe nafasi ajibu.

Akikataa yote mawili, chumba na Jumapili, hapo tatizo si treni tena, na uniandikie upya. Lakini kwa mtu uliyenieleza, sidhani.

Fanyeni haraka. Vyumba vya wawili ni vichache katika treni nyingi na huisha mapema, na masharti ya kubadilisha au kurudisha tiketi huwa makali kadiri siku inavyokaribia. Na kwenye ndege ya Jumapili chagueni ya alasiri au ya jioni mapema, msichukue ile ya mwisho ya usiku: hiyo ikifutwa, inayofuata ni ya Jumatatu.

Shangazi